Uzi: Matini ni nini? Mpwa wangu ameniuliza, na jibu la daftarini halinitoshi

Mhariri wa Donholm

Wadau, hamjambo. Uzi utakuwa mrefu, mnivumilie. Jambo hili limenikaa rohoni tangu Jumapili.

Mpwa wangu yuko kidato cha nne, shule ya kutwa. Jumapili alikuja kwangu na begi la vitabu nimsaidie na Karatasi ya Tatu ya Kiswahili, ile ya Fasihi. Akatandaza vitu vyake mezani, na kabla hajafungua kinywa nikaona kitu kikanichoma. Tamthilia iliyoteuliwa ilikuwa mpya kabisa. Ukiifungua inajifunga yenyewe, kwa sababu uti wake haujawahi kulazwa. Kando yake, mwongozo. Jalada la mwongozo liling'oka likarudishwa kwa selotepu, pembe za kurasa zimekuwa laini kama kitambaa, na kila ukurasa umepigwa mistari ya kalamu za rangi tatu. Tamthilia ilikuwa imebebwa tu. Kilichosomwa ni mwongozo.

"Mjomba," akasema, "matini ni nini?"

Lilikuwa swali la alama mbili kwenye zoezi. Yeye aliandika: matini ni kitu chochote kinachosomwa. Akapata sufuri. Jibu lililotakiwa: matini ni kazi ya fasihi iliyoandikwa. Shule siitaji, wala mwalimu simlaumu, maana jibu hilo hilo nimelikuta kwenye madaftari ya watoto wengine hapa mtaani.

Mimi riziki yangu ni kuhariri na kusoma prufu. Neno matini liko mdomoni mwangu kutwa: matini imezidi ukurasa, picha imekula matini, rudisha matini kwa mwandishi. Lakini nilipotaka kumweleza mtoto kama amekosea au amepatia, sikupata sentensi iliyosimama. Siku tatu hizi nimerudia niliyoyasoma zamani. Nimefika mahali naamini mtoto alikuwa karibu na ukweli kuliko karatasi ya majibu, na naamini pia kwamba sufuri ile na tamthilia isiyolazwa uti ni ugonjwa mmoja.

Nianze na lililo rahisi. Mwaka 1971 mhakiki Mfaransa Roland Barthes aliandika insha fupi ya kutenganisha vitu viwili ambavyo watu walizoea kuvichanganya: kazi na matini. Kazi, alisema, hushikwa mkononi. Matini hushikwa katika lugha. Fikirieni rafu za maktaba ya McMillan pale Banda Street. Kazi zipo, unaweza kuzihesabu, kuziazima, kuzipangusa vumbi. Matini huioni pale rafuni. Huanza mtu anapokaa akasoma, na akifunga kitabu haijaisha. Barthes akakumbusha kwamba neno lao la matini linatokana na Kilatini, textus, kilichofumwa. Na nyuzi za mfumo huo hazizaliwi ndani ya kitabu. Ni methali, sala, matangazo, maneno ya mitaani, vitabu vilivyotangulia. Miaka michache kabla yake Julia Kristeva, aliyetoka Bulgaria akahamia Paris, alikuwa amelipa jambo hilo jina ambalo sisi tunaliita mwingilianomatini, akimsoma Mrusi Mikhail Bakhtin.

Kwa hiyo "kazi ya fasihi iliyoandikwa" ni jibu zuri la swali lingine. Ni jibu la "kazi ni nini". Mnasemaje?

Mwalimu wa Zamu

Bwana Mhariri, nakuheshimu, ila wacha niseme kama mtu anayeingia darasani kesho saa mbili asubuhi.

Swali la dondoo mnalikumbuka wote: "Eleza muktadha wa dondoo hili. (alama 4)". Msemaji ni nani, anamwambia nani, wako wapi, kwa sababu gani. Watu wa nadharia hulicheka. Mimi nalipenda. Linamzuia mtoto kubuni. Kama hajui Fulani alikuwa sebuleni au kituo cha polisi aliposema maneno hayo, hajasoma, basi. Sasa nikimwambia kwamba matini ni kinachotokea yeye akisoma, ataniandikia kwamba mhusika ana huzuni kwa kuwa yeye mwenyewe siku ile aliamka na huzuni. Nitampa ngapi? Wenzake sitini nitawaambia nini?

Halafu "iliyoandikwa" lina kazi yake. Linamtenganishia mtoto fasihi andishi na fasihi simulizi. Ukiliondoa hilo unamvurugia silabasi nzima.

Mhariri wa Donholm

Mwalimu, nakushukuru, na kwenye dondoo niko upande wako zaidi ya unavyodhani.

Huyo Barthes naye alikata madondoo. Alichukua hadithi moja ya Balzac, mwandishi Mfaransa wa karne ya 19, si ndefu, akaitumia kwenye semina Paris, na mwaka 1970 akachapisha kitabu kizima juu yake. Hadithi aliikata vipande 561. Vingine ni sentensi kadhaa, vingine ni neno moja au mawili. Kila kipande akakishika peke yake na kuuliza: uzi upi unapita hapa? Hapa kuna fumbo linaloanza. Hapa kuna kitendo kinachosubiri mwisho wake, maana mtu akibisha mlango lazima mlango ufunguliwe au usifunguliwe. Hapa kuna ile hekima ambayo kila mtu wa zama zile aliijua bila kuambiwa. Alitaja misimbo mitano ya namna hiyo. Mtu anayekata hadithi vipande 561 hawezi kulaumiwa kwamba anasoma anavyotaka. Sijamwona msomaji mwenye nidhamu kumshinda.

Tofauti iko hapa. Dondoo letu lina maswali manne, na baada ya hayo manne mlango unafungwa. Majibu yote manne yanapatikana kwenye mwongozo, kwa herufi nzito. Mtoto anaweza kupata nne kwa nne bila kukunja uti wa kitabu. Swali lenyewe ni zuri. Ila limeshajibiwa na mtu mwingine kabla mtoto hajafungua ukurasa wa kwanza, na hapo ndipo ninapoumia.

Na lipo swali lingine tunalowauliza: "dhamira ya mwandishi ni ipi?" Mwaka 1946 Wamarekani wawili, Wimsatt na Beardsley, waliandika kwamba nia ya mwandishi haipatikani na wala si kipimo kinachofaa kuamulia ubora wa kazi. Mashairi, walisema, yakishatoka ni ya umma. Sikubaliani nao katika kila kitu, kwa sababu walitaka shairi lisimame peke yake kama mtungi juu ya meza, na hilo haliwezekani. Lakini tangu 1946 swali letu limeshapata majeraha, na bado tunalipa alama.

Hilo la andishi na simulizi naliacha kwanza, kuna watu hapa wanaolijua kunishinda.

Mlamu wa South C

Assalamu alaykum. Bwana Mhariri, umekwenda hadi Roma kutafuta asili ya neno, na neno tulilo nalo halikutoka huko.

Matini ni matn, Kiarabu. Maana yake ya kwanza ni mgongo. Baadaye ikawa ile sehemu ya kitabu iliyo katikati, maneno yenyewe, mbali na sharhe inayoyafafanua na mbali na maandishi ya pambizoni. Kwa wanaosoma hadithi za Mtume, matini ni maneno ya hadithi yenyewe, na kabla yake inakuja isnadi, mnyororo wa waliopokezana. Kwa hiyo kwetu neno hili tangu mwanzo halikusimama peke yake. Ukisema matini umeshasema kuna kitu kingine kando yake: mtu anayefasiri, au watu waliokuletea.

Nilipokuwa mdogo Lamu nilikaa darsani. Kitabu ni chembamba, cha fiqhi. Maalim anasoma mstari mmoja wa Kiarabu, ananyamaza, kisha anaufasiri kwa Kiswahili, na sisi tunaandika baina ya mistari na pembeni. Mwisho wa mwaka kitabu changu na cha ndugu yangu vilikuwa na matini moja na pambizo mbili mbalimbali. Pambizo zile ndizo zilizoonyesha nani alikuwa akisikiliza. Huo mwongozo wa mpwa wako ni sharhe, na sharhe si dhambi. Kwetu sharhe ilikuwa imeizunguka matini kwenye ukurasa mmoja, huwezi kusoma hii bila kuiona ile. Mtoto wako kapewa sharhe peke yake, imeng'olewa kwenye mgongo wake.

Kuna jambo la pili, na hili ningependa Mwalimu alione kwa macho. Tenzi zetu za kale ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na kwa desturi ya zamani alama moja ya irabu, dhamma, ilibeba u na o, na herufi moja, be, ilibeba b, p, na mara nyingi mb pia. Andika kafu, yaani k, yenye dhamma, kisha be yenye fataha, alama ya a. Umeandika nini? Kuba. Au kupa. Au kumba. Au koba. Au kopa. Au komba. Maneno sita, na kwenye karatasi ni neno moja. Baadaye walimu wa Mombasa waliongeza alama kupunguza utata, lakini hati nyingi za kale ziko vile. Msomaji alikuwa hawezi kutamka hata mstari mmoja bila kuchagua, na alichagua kwa kuyajua maneno ya kabla na ya baada, mizani, vina, na dunia nzima ya mtunzi. Kwetu sisi matini ambayo msomaji hatii mkono ilikuwa haisomeki hata kwa sauti.

Mhariri wa Donholm

Maalim, nimesoma hilo la kuba na kopa mara tatu. Nimechukua kalamu nikajaribu mwenyewe. Shukran sana.

Mwanachuo wa Mwaka wa Pili

Shikamooni wakubwa. Mimi nasoma fasihi chuoni, na naona mnazunguka tu. Si Derrida, mwanafalsafa wa Ufaransa, alishasema mwaka 1967 kwamba hakuna kitu nje ya matini? Na Barthes huyo huyo ndiye aliyetangaza kifo cha mwandishi. Mwandishi amekufa, hakuna nje, basi kila msomaji na maana yake. Mpwa apewe mbili zake, Mwalimu apumzike.

Mhariri wa Donholm

Marahaba mwanangu. Hapo ndipo wengi tuliteleza, nami nilikaa hapo miaka, kwa hiyo sikukemei.

Sentensi ile Derrida aliiandika akimsoma Rousseau, mwandishi wa karne ya 18. Alikataa wazo kwamba unaweza kuruka nje ya maandishi ukamkuta Rousseau mtupu, asiyefunikwa na lugha, umuulize alimaanisha nini. Watu wakaichukua kana kwamba anasema dunia ni vitabu vitupu. Miaka ya themanini alilazimika kufafanua, na ufafanuzi wake ni kwamba hakuna kilicho nje ya muktadha. Muktadha! Neno lile lile lililo kwenye swali la Mwalimu, la alama nne. Tofauti ni kwamba kwake yeye muktadha hauishi sebuleni au kituo cha polisi. Ukishataja mahali, inabidi utaje zama. Ukitaja zama, utaje lugha. Ukitaja lugha, utaje wewe unayesoma leo uko wapi.

Na hilo la kila mtu na maana yake, sikiliza visa viwili vya mhakiki mmoja Mmarekani, Stanley Fish.

Kiangazi cha 1971 alikuwa akifundisha Buffalo, madarasa mawili chumba kimoja, moja baada ya jingine. La kwanza lilihusu isimu, na ubaoni aliwaandikia majina ya wataalamu ambao wanafunzi walitakiwa kuwasoma, yamepangwa moja chini ya jingine: Jacobs-Rosenbaum, Levin, Thorne, Hayes, na la mwisho Ohman, ambalo alilitia alama ya kuuliza kwa sababu hakukumbuka tahajia yake. Darasa la pili lilikuwa la mashairi ya dini ya karne ya 17. Hakufuta ubao. Aliyazungushia majina yale fremu, akaandika namba ya ukurasa juu yake, akawaambia wanafunzi hili ni shairi la aina mliyozoea, lichambueni. Wakalichambua. Jacobs akawa ngazi ya Yakobo. Thorne akawa taji la miiba. Umbo la orodha wengine wakaliona altare, wengine msalaba.

Ukikisikia mara ya kwanza unasema: umeona, kila mtu na lake. Lakini angalia vizuri. Hakuna mmoja aliyesema ni mapishi, wala ratiba ya treni. Wote walisoma namna moja, kwa sababu wote walifundishwa namna moja. Makundi kama hayo ya wasomaji Fish akayaita jumuiya za ufasiri. Msomaji haji peke yake. Anakuja na walimu wake, dini yake, mtaa wake. Kwa hiyo, Mwalimu, yule mtoto wa kuamka na huzuni hana cha kutuogopesha. Huzuni yake ikikosa uzi ndani ya matini, wenzake sitini ndio watakaomwambia, kabla yako.

Kisa cha pili ni kifupi. Chuo kingine alikofundisha, mwanafunzi mmoja alimwuliza profesa mwenziwe siku ya kwanza kama darasa lake lina matini. Profesa akajibu ndiyo, akataja kitabu cha kununua. Mwanafunzi akasema sivyo, nauliza kama humu tunaamini kuna mashairi na vitu kama hivyo, au ni sisi tu. Kisa hicho hakingetokea kwa Kiswahili. Kwao neno ni moja. Sisi tuna kitabu cha kiada na tuna matini, mbali mbali. Lugha imetupa tofauti ile bure, halafu sisi wenyewe ndani ya jibu la alama mbili tunairudisha kuwa kitu kimoja.

Nimalize na mfano wa hapa kwetu. "Sisi sote abiria, dereva ni Mungu." Mmeliona nyuma ya matatu. Mimi nimelisoma nikiwa ndani ya matatu Jogoo Road, usiku, mvua inanyesha, dereva anapita kulia na kushoto, na maneno yale yalinikaza kifua. Mwaka jana tulimzika mama yangu. Leso aliyokuwa akijifunga jikoni, shangazi aliitandika juu ya kitanda chake. Maneno yake yalikuwa hayo hayo, herufi kwa herufi. Nilikaa pale mlangoni nikayasoma na yakanibeba. Kazi ni mbili, chuma na pamba. Maneno ni mamoja. Je, matini ni moja? Ukisema ni moja, unaniambia nilichosoma usiku wa mvua ndicho nilichosoma kitandani kwa mama, na sicho. Ukisema ni mbili tofauti kabisa, inakuwaje pale msibani niliikumbuka matatu, na tangu siku ile kila nikiiona matatu ile namwona mama? Nyuzi zinapita. Sina neno bora kuliko kufumwa.

Nyanya wa Rongai

Poleni na msiba, mwanangu. Mama alale pema.

Nimefundisha fasihi simulizi hadi kustaafu. Nijibu lile la Mwalimu, kwamba "iliyoandikwa" inatutenganishia mambo.

Oktoba 1968, hapa hapa Nairobi, wakati chuo kilikuwa bado Chuo Kikuu Kishiriki, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika kupendekeza Idara ya Kiingereza ivunjwe na mahali pake pakae idara itakayoweka fasihi ya Afrika katikati, na fasihi simulizi ndani yake. Sasa jiulizeni. Kama matini ni iliyoandikwa tu, walitaka tuweke kitu gani katikati? Hewa?

Karin Barber, aliyeishi na Wayoruba akajifunza sifo zao, aliandika mwaka 2007 jambo ambalo bibi zetu walilijua: maneno hayahitaji karatasi ili yawe matini. Yanahitaji kuundwa namna ya kuweza kubanduka mahali yalipotamkwa, yakabebwa, yakarudiwa, yakafasiriwa. Methali ni hivyo. Kitendawili ni hivyo, kina hata mlango wake: kitendawili, tega. Mtoto akisikia mlango ule anajua kinachofuata si mazungumzo ya kawaida, kimefumwa, kakae mkao wa kukifumua.

Chukueni Muyaka wa Mombasa, aliyefariki karibu na 1840. Mashairi yake yalibaki vinywani mwa watu na katika karatasi za huyu na yule. Mwisho wa karne ile Mwalimu Sikujua akayakusanya pamoja na mmishenari Taylor. Hichens akayachapa 1940. Mohamed Abdulaziz akayatoa tena hapa Nairobi 1979, na maelezo. Shairi "lenyewe" la Muyaka ni lipi kati ya hayo? Nimewauliza wanafunzi swali hilo miaka ishirini na zaidi. Waliojibu haraka ndio niliowarudisha kusoma. Isnadi aliyoitaja Mlamu iko hapo, mnyororo mzima, na kila pete imeacha alama ya kidole.

Mwalimu, tofauti ya andishi na simulizi ifundishe, ni ya kweli. Ila ni tofauti ya namna matini inavyosafiri.

Mwalimu wa Zamu

Nyanya, shikamoo. Hilo la mwisho nalichukua kama lilivyo, nitalisema darasani kesho.

Bwana Mhariri, hujanijibu la alama. Mimi nikiwa na karatasi ya mpwa wako mkononi, "kitu chochote kinachosomwa", ningefanyaje? Kwa haki kabisa.

Mhariri wa Donholm

Ningempa moja, kisha ningemwandikia pembeni: kinachosomwa na nani? Moja iliyobaki ningeiweka pale.

Muuza Leso, Biashara Street

Habari zenu. Mimi si mtu wa vitabu, binti yangu ndiye aliyenionyesha huu uzi kwa sababu ya leso. Nauza leso na vikoi Biashara Street miaka mingi sasa. Naomba niseme ninayoyaona dukani.

Leso ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maneno. Mteja akiingia atashika kitambaa, atakivuta kupima uzito, ataangalia rangi. Lakini hanunui kabla hajasoma. Namwona midomo ikicheza. Kuna mama alichukua doti nzuri sana, nyekundu na nyeusi, akalipa, akaondoka. Kesho yake akarudi nayo, haijakatwa wala kupindwa. Ilikuwa imeandikwa "Mdhaniaye ndiye kumbe siye". Kwake mwenyewe maneno hayakuwa na neno, ni methali tu. Ila alikumbuka usiku kwamba alitaka kumpelekea mama mkwe wa binti yake. Nilimbadilishia. Wiki hiyo hiyo doti ile ile ikanunuliwa na msichana mmoja aliyeisoma akacheka kwa sauti, akaniambia huyu ninayemnunulia anaijua sababu. Kitambaa hakikubadilika hata uzi.

Mnauliza kuhusu mwandishi. Kwenye leso za zamani za Mombasa utaona pameandikwa "K.H.E. Mali ya Abdulla". Ni alama ya mfanyabiashara, Kaderdina Hajee Essak, watu wakimwita Abdulla. Nimeiona mara nyingi na sijawahi kusikia mteja akidhani ni Abdulla anayemwambia maneno yale. Anayesema ni aliyevaa. Au aliyempa.

Na jambo moja la mwisho. Ukijifunga leso kiunoni, maneno huangukia nyuma. Aliyevaa hayaoni. Anayatembeza tu. Anayeyasoma ni anayekuja nyuma yake.

Mlamu wa South C

Subhanallah. Mgongoni.

Mhariri wa Donholm

Mama, nimekaa na ujumbe wako kazini leo mpaka mwenzangu akaniuliza kama niko sawa.

Maalim, ulisema matn ni mgongo. Na ile pambizo ya kitabu, hashiya, si ndiyo kwa Kiarabu pia ni pindo la nguo? Nimeangalia kamusi mara mbili. Walatini waliita maneno kitambaa. Waarabu wakayaita mgongo, na maelezo yake wakayaita pindo. Na mama zetu wanavyo vyote vitatu wanapokwenda sokoni.

"Mali ya Abdulla" nayo imenishika. Barthes kwenye insha ile alisema kazi ina baba na ina mwenyewe, sheria inamlinda. Matini husomwa bila jina la baba. Kitambaa ni mali ya Abdulla. Maneno sivyo.

Jumamosi nitakuja Biashara Street na mpwa wangu. Nitamnunulia doti moja, na jina atachagua yeye. Jana usiku amenitumia picha ya ukurasa wa kwanza wa tamthilia. Uti umelazwa, unaonekana ulivyovunjika katikati. Pambizoni ameandika kwa penseli: "Mbona anajibu swali ambalo hakuulizwa?" Nimeutafuta mwongozo mzima. Swali hilo halimo.

Mwalimu wa Zamu

Onyesho la kwanza hilo? Nakifungua sasa hivi.